Fulana Iliyofuliwa

Fulana ya kwanza asubuhi ile ilikuwa imefuliwa. Bi Shemsa alilijua hilo kabla hajaufungua mfuko sawasawa, maana ilimpiga harufu ya sabuni ya kipande, ikafuata ya pasi, na kwa mbali udi. Akaishika kwa ncha za vidole. Mama aliyeileta, mtu mzima wa Makorora mwenye miwani, alikuwa amekaa mbele yake na mkoba mapajani, na Bi Shemsa akamuuliza kama kijana wake alilala na fulana ile siku tatu bila sabuni wala manukato, kama walivyoelekezwa. Alilala nayo. Na baada ya hapo, je, kuna aliyeitia maji? Mama akaangalia ukutani.

"Sasa bibi, nguo ya mwanangu itoke nyumbani kwangu inanuka jasho? Watu watanionaje?"

Bi Shemsa alikuwa akilisikia swali hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Zamani alikuwa akieleza. Alikuwa akivuta kiti karibu, anaeleza habari za jasho na kinga, na kwa nini mashine haitaki usafi wa mtu bali uchafu wake, na akina mama wakiitikia kwa vichwa, kisha wanarudi nyumbani kufua tena. Siku hizi hakuwa na pumzi hiyo. Alichana pakiti ya fulana mpya, akampa mama wa watu, akamwambia arudi Jumatatu, na safari hii, tafadhali, aiweke mbali na beseni.

Nyumba ya Vipimo ya Tanga ilikuwa na mashine moja tu, na mji mzima uliiita Pua. Lilikuwa sanduku la kimo cha jokofu dogo, na mbele lina midomo miwili. Unatia nguo ya mwanamume huku, ya mwanamke huku, unafunga, nalo linavuta hewa polepole huku likikoroma, na kwa muda wa chai kuchemka linatoa jibu. Majibu yalikuwa mawili tu. Wanatofautiana, basi waende wakaoane. Wamelandana, basi kila mtu ashike njia yake. Pasipo cheti cha Pua hapakuwa na kadhi wala padri ambaye angekubali kuwafungisha ndoa.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwilini mwa kila mtu kuna walinzi, nusu amewarithi kwa mama, nusu kwa baba. Walinzi wa pande mbili wakiwa tofauti, mtoto huyatambua maradhi mengi. Wakiwa wale wale, kuna milango inabaki wazi. Wataalamu wa kale walishuku kwamba binadamu, kwa miaka maelfu, alikuwa akimchagua mwenzake kwa pua pasipo kujua. Kwamba jasho la mtu linabeba habari za walinzi wake, na moyo humwelekea zaidi yule ambaye wa kwake ni tofauti. Wengine waliwacheka. Walisema hayo ni makisio, watu huoana kwa sura, kwa ukoo, kwa kukaa mtaa mmoja. Wakabishana vitabu kwa vitabu. Kisha ikaja Homa ya Uchanga, na ubishi ukaisha kwa namna ambayo hakuna aliyeipenda.

Homa ile haikumgusa mtu mzima. Ilikuja kila masika na kuwachukua waliokuwa hawajatimiza mwaka. Mtoto wa wazazi wanaotofautiana alitetemeka wiki nzima kisha akainuka, ila pua yake ikafa, hasikii harufu tena maisha yake yote. Mtoto wa wazazi waliolandana, mara nyingi hakuinuka. Kwa hiyo kikakua kizazi kizima kisichojua harufu ya mvua wala ya kitunguu kinachoungua, vijana waliopendana kwa macho, kwa sauti na kwa jumbe za simu, na kile kipimo cha kale, kama kweli kilikuwepo, hawakuwa nacho. Serikali ikawatengenezea pua ya bati. Mwanzo walitumia damu, lakini habari za damu zikavuja, waajiri wakaanza kuchagua watu, ghasia zikazuka, na sheria ikakataza. Likabaki jasho.

Na wenye pua hai, wazee kama Bi Shemsa, wakawa watumishi wa kila mtu. Alikuwa hapiti kichochoro bila kuitwa anuse maziwa kama yamechacha, anuse mtungi wa gesi kama unavuja, anuse samaki. Alichoka. Alikuwa amechoka na kunusa kiasi kwamba wakati mwingine aliwaonea wivu vijana. Hata hivyo kazini hakuacha mazoea yake: kila fulana iliyofika, ya mtu yeyote, aliinusa kwanza kabla haijaingia kwenye mashine.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na kesho yake ndiyo harusi ya mwanawe. Aliomba ruhusa akaondoka mapema.

*

Sauda alikuwa mwalimu wa jiografia, mtoto pekee wa Bi Shemsa aliyekuwa hai. Pua ilishamkataa mara tatu. Walinzi wake walikuwa wale ambao hapa mjini wamo kila nyumba, na kila aliyempenda ilitoka wamelandana. Mara ya tatu hakulia. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akasahihisha madaftari ya wanafunzi mpaka yakaisha, na mama yake akaona afadhali angelia. Halafu akatokea Haruni, fundi wa paneli za jua kule Handeni, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Gervas, mwenzake Bi Shemsa kazini, ndiye aliyewapima, kwa kuwa mama haruhusiwi kumpima mwanawe. Wanatofautiana. Bi Shemsa aliingia chooni ofisini akafunga mlango, akashukuru Mungu mpaka sauti ikamkauka.

Alipofika nyumbani uani kulikuwa kumejaa. Wanawake walikuwa kwenye mikeka wanamenya vitunguu saumu, na wasichana wawili walimkimbilia na sinia la nyama wakimwomba ainuse. Akainusa. Ilikuwa nzima. Bi Mwanamkuu, mama yake Haruni, alikuwa katikati ya mikeka kama mwenyeji, anaongea, anamenya, anacheka, yote kwa wakati mmoja. Ni mwanamke mwema, tuseme ukweli. Tangu posa alikuwa akimwita Sauda mwanangu na kumaanisha.

Masufuria makubwa ya kukodi yalikuwa hayajafika kwa sababu gari la kuyaleta lilikuwa limeharibika, na mara Haruni mwenyewe akaingia na moja kichwani, jua lote la saa nane mgongoni mwake, shati limeloa chapachapa. Wanawake wakamzomea kwa utani, bwana harusi gani huyu anabebeshwa masufuria siku ya kuamkia harusi yake. Akacheka. Akaja mpaka alipokuwa mkwewe, akainama kuliweka sufuria chini.

"Shikamoo, mama."

Bi Shemsa alifungua mdomo aitikie, na harufu ikamfikia.

Ilikuwa ya Shekue. Mumewe, aliyezikwa miaka kumi na moja iliyopita, alikuwa amesimama hapo uani anavuja jasho, harufu ile ile ya joto, kama ya mkate uliotoka tu tanuri, na chini yake kitu kichungu kidogo ambacho hakuwahi kukipatia jina.  Akakaa juu ya gunia la mchele. Haruni akauliza kama anaumwa, naye akasema ni jua tu, marahaba baba, nenda kavue shati hilo usije ukapata mafua.

Alibaki pale. Fulana ya Haruni aliinusa siku ile mezani kwa Gervas, kama alivyozinusa zote. Alikumbuka vizuri. Ilikuwa harufu kali ya uchachu, na mafuta ya injini. Haikuwa hii. Hata kidogo haikuwa hii. Na mtu anayenukia kama Shekue ana walinzi kama wa Shekue, wale ambao Sauda amewarithi.

Akasogea kwenye mkeka, akachukua kisu na kitunguu saumu, akamenya viwili vitatu. Kisha akamuuliza Bi Mwanamkuu, kwa sauti ya mazungumzo tu, kama ile fulana ya Haruni alikuwa ameifua.

Bi Mwanamkuu akacheka mpaka akaweka kisu chini. Alisema sasa tumeshakuwa ndugu, hapana haja ya kufichana. Ndiyo, aliifua, Haruni aliivaa siku tatu, akaiacha juu ya kiti akarudi Handeni, na yeye alipoiona, kwapa zimegeuka manjano, akaona aibu, itafika mbele ya mkwe vile? Akaifua, akaipiga pasi. Ndipo akakumbuka kwamba Pua huzirudisha fulana zilizofuliwa. Sasa Haruni hayupo, na siku ya miadi ni kesho. Basi akampa Mbwana, kaka yake Haruni, aliyekuwa gereji anatengeneza gari, akashinda nayo kutwa na kulala nayo. Watoto wa tumbo moja, damu moja, jasho moja, kuna tofauti gani? Na alipoposewa Mbwana yeye alifanya vivyo hivyo, akamvalisha Haruni, na mambo yakaenda vizuri. Nani hafanyi, mkwe wangu? Mtaa mzima wanafanya.

Wanawake wengine wakaitikia huku wanamenya. Mmoja alisema yeye alimvalisha mpwa wake. Bi Shemsa aliwatazama mmoja mmoja. Wengi wao aliwahi kuwahudumia. Wapo aliowapa cheti kwa fulana ya mpwa, na wapo, ee Mola, aliowatenganisha watu wanaopendana kwa fulana ya mpwa. Watoto wa tumbo moja hugawana walinzi wa wazazi wao kila mmoja kwa bahati yake. Ndugu wawili wanaweza kuwa mbali kama wageni. Alikuwa na haki ya kupiga kelele. Hakuwa na nguvu ya kupiga kelele. Aliinuka, akaenda kwenye kamba ya nguo lilipokuwa limetundikwa shati la Haruni, bichi bado, akalitia kwenye mfuko safi wa nailoni, akasema anakwenda ofisini mara moja, kuna kitu amesahau.

*

Gervas alikuwa peke yake, anafunga madirisha. Alipoona mfuko na uso wa mwenzake, akakaa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasugua macho, kisha akamwomba asiwashe mashine.

"Bi Shemsa, sisi tulipima fulana iliyoletwa. Cheti kimetoka. Ukiwasha sasa, utakuwa unajua, na kujua hakuna dawa yake."

Alikuwa mtu mzuri, Gervas, ana wajukuu wanne. Bi Shemsa alimjibu kwamba tayari anajua, ila anajua kwa pua yake, na pua ya mwanamke mmoja mjane si ushahidi. Pengine anamkumbuka tu Shekue. Pengine ni masufuria na jua. Aliomba hivyo alipokuwa akiitoa fulana ya Sauda stoo, zinakotunzwa mpaka ndoa ifungwe. Akaitia mdomo mmoja, shati la Haruni mdomo wa pili.

Pua ikaanza kukoroma. Bi Shemsa alisimama na mikono kifuani, akawafikiria watoto wake. Tunu alikuwa wa kwanza, miezi saba, alikuwa ameanza kukaa. Kisha Sauda, aliyeshikwa na homa ile ile, akapona kwa bahati ambayo daktari hakuweza kuieleza. Kisha Kasimu, ambaye hata hakufika kukaa. Mashine ilipokuja mjini, yeye na Shekue walikuwa wa kwanza kujipima, wakitaka tu kujua, na jibu likawa lile walilolitarajia. Wale wataalamu wa kale walisema mwanamke huvutwa na asiyefanana naye. Bi Shemsa alikuwa na pua nzima wakati huo, pua kali kuliko zote mtaani, na ilimpeleka moja kwa moja kwa Shekue. Labda wataalamu walikosea, au yeye ndiye aliyeumbwa vibaya. Shekue alifanya mzaha siku ile, akasema basi tumeshindwa mtihani baada ya kufunga shule. Usiku alilia, lakini.

Jibu likatoka. Wamelandana.

Gervas akalisoma, akalikunja, akamrudishia. Bi Shemsa akazima mashine, akakirudisha kila kitu mahali pake kama siku zote.

Alirudi kwa miguu ingawa mabasi yalikuwepo. Angenyamaza, Sauda angeolewa kesho, angecheka, angehamia Handeni, na masika moja au jingine simu ingepigwa. Au isingepigwa, wengine hupona, Sauda mwenyewe alipona. Na kama angesema, basi ndiye yeye, mama mzazi, wa kuusimamisha moyo wa mwanawe mara ya nne. Alitamani mtu mwingine amwamulie. Hapakuwa na mtu mwingine.

*

Sauda alikuwa chumbani amenyoosha miguu mbele ya feni, mikono na nyayo zimejaa hina mbichi. Somo wake, mwanamke aliyekuwa akimpaka, aliombwa awapishe kidogo akatoka. Bi Shemsa akaufunga mlango. Alijua akizunguka hatasema, kwa hiyo akasema yote kwa mfululizo: fulana, Mbwana, shati, jibu.

Sauda alisikiliza bila kutikisika. Machozi yalimtoka, akainua mkono ajifute, akakumbuka hina, akaushusha. Bi Shemsa akamfuta kwa ncha ya khanga yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Gervas."

Sauda akasema basi wanyamaze. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayepanga ratiba ya masomo. Gervas hatasema, Bi Mwanamkuu hajui alichofanya, Haruni hajui kitu. Cheti kipo. Ataolewa, na hatazaa. Kuna njia za kutozaa, na Haruni akiuliza atamwambia hapati. Wanawake wangapi hawapati?

Bi Shemsa akamuuliza kama ataweza kumwangalia mtu huyo kila siku, miaka yote, anangoja mtoto, anampeleka kwa waganga, na yeye anajua. Haruni alikuwa ameshayataja majina ya watoto wake mbele ya wazee, kwa mzaha, na kila mtu aliona kwamba si mzaha.

"Nimechoka, mama," Sauda alisema. "Wewe unachoka kunusa, mimi nimechoka kukataliwa. Sina nguvu ya kusimama tena mlangoni mtu ananiaga. Nina miaka thelathini na nne. Niache."

 Nje mtu alikuwa akitwanga viungo.

"Nikuulize," Sauda akaendelea. "Pua ingekuwepo enzi zenu, ikakwambia umelandana na baba. Ungemwacha?"

Hili hakuwahi kuulizwa na mtu, na hakuwahi kujiuliza kwa sauti. Alitaka kusema ndiyo. Ndilo jibu ambalo angelitoa kwa mama yeyote kule ofisini.

"Hapana," akasema. "Nisingemwacha."

"Hata ungejua habari ya Tunu na Kasimu?"

Bi Shemsa akaikunja ncha ya khanga iliyolowa machozi.

"Hata ningejua," akasema, na neno lilipokwisha kumtoka akaona aibu mbele ya wale wawili, aibu ya kweli, kana kwamba wapo pale kitandani wanamsikiliza.

Sauda akashusha pumzi. Alidhani yamekwisha. Akasema basi, umejijibu mwenyewe, mwite somo amalizie mguu.

Bi Shemsa alikaa akazitazama zile nyayo. Ilikuwa rahisi sana kuinuka na kumwita somo. Alitaka. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko hicho, na uchovu wote wa mwili wake ulikuwa upande wa Sauda, unamvuta anyamaze.

"Mimi nimewazika, Sauda," akasema mwishowe. "Mimi nikisema ningekubali, nasema nikijua bei yake, na baba yako alikuwa anaijua pamoja na mimi. Haruni hakuulizwa. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi."

"Ukitoka kwenye mlango huo kwenda kumwambia, mama, usirudi ukitaka nikuelewe."

Bi Shemsa akasema amesikia. Akamwekea mto vizuri mgongoni, akatoka.

*

Alimkuta Haruni nyuma ya nyumba, kifua wazi, anawasha majiko kwa ajili ya wapishi. Akamwomba wakae. Wakaketi juu ya matofali, na akamweleza kwa maneno yale yale aliyomweleza Sauda, bila kupunguza na bila kumlaumu mama yake zaidi ya alivyostahili. Kijana alisikiliza huku anavunjavunja kijiti. Alipofika kwa Mbwana, mkono wa Haruni ukasimama.

"Na ya kaka, mama alifanya hivyo hivyo?"

Bi Shemsa alikuwa ameomba asiulize. Masika iliyopita Mbwana alimzika mtoto wake wa kwanza, wakasema ni kudra, maana wazazi walikuwa na cheti.

"Alikuvalisha wewe," akasema.

Haruni alitupa kijiti motoni. Alisema yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea yule mtoto, kwa sababu Mbwana hakuweza kusimama. Alisema mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyotegemea. Kisha akauliza inachukua muda gani, homa, tangu inapoanza, na kama mtoto anaumia, na Bi Shemsa, ambaye hakuwahi kumsimulia mtu yeyote, hata Sauda, akamsimulia. Alimwambia habari ya Tunu kwanza, kisha Kasimu. Alimwambia pia kwamba Sauda alipona, na kwamba yeye, angerudishwa nyuma, angemchukua Shekue tena. Alimwambia hilo mara mbili ili asije akasema alimficha.

Haruni aliuliza jambo moja la mwisho.

"Nanukaje mimi, mama? Sijawahi kujua."

"Unanukia kama mume wangu," Bi Shemsa akasema. "Kama baba yake Sauda."

Kijana akatikisa kichwa taratibu. Alijifuta uso kwa viganja, akaingia ndani bila shati, na wanawake uani wakanyamaza kumwona anakwenda chumba cha bi harusi. Hakuna aliyemzuia. Mlango ukafungwa. Bi Shemsa alibaki kwenye matofali akilitazama jiko likishika moto, na sauti zilizotoka ndani zilikuwa za chini, hazisikiki maneno. Bi Mwanamkuu alikuja kumuuliza kuna nini, naye Bi Shemsa akamwomba akae, akamshika mkono. Hakumwambia chochote bado. Zamu yake ingefika.

Haruni alitoka macho yamevimba. Alimwinamia Bi Shemsa, akauchukua mkono wake akaubusu, akaomba radhi. Alisema anampenda Sauda, Mungu shahidi, lakini hawezi kushuka tena kaburini na kitu chepesi vile. Akapita mlango wa nyuma akaenda. Mama yake akamfuata akiita jina lake, na uani minong'ono ikaanza.

Sauda alikuja baadaye. Hina ilikuwa imekauka na kupukutika, amejifunga khanga ya kushindia, ile ya kuchakaa. Akakaa kwenye tofali alilokalia Haruni. Moshi wa majiko ukawa unawaendea wote wawili, mmoja akiunusa, mmoja hausikii.

"Umemtendea haki," Sauda akasema. "Na mimi labda. Sijui. Ila sasa hivi nakuchukia, mama, na nataka uniache nikuchukie, usinibembeleze."

"Haya," Bi Shemsa akasema.

Akainuka kwa kujishika goti, akaenda uani kuwaambia wapishi wasitie mchele majini.